Dragoni wa maji hali chakula, pua imechubuka, vidole vinatetemeka: nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeishi Minneapolis. Mwanae wa miaka 11 kaachiwa dragoni wa maji, yule mjusi mkubwa wa kijani wa Asia, na rafiki aliyehama, wako naye tangu Novemba. Anakaa kwenye tanki la kioo la galoni 20, juu kuna taa nyekundu, analishwa wale funza wa unga tu. Sasa ni wiki ya pili hali, rangi ya kijani imegeuka kahawia, pua imechubuka mpaka nyama inaonekana, na vidole vya nyuma vinatetemeka akipanda kijiti. Dada anauliza ampe chakula gani kitakachomrudishia hamu ya kula, kama ni kweli huyu ni kenge kama bibi anavyosema kwenye simu kutoka Mombasa, na kama ni salama kukaa naye nyumba moja na mtoto mdogo wa miaka 3.

Dada, pole kwanza. Chakula tukiweke pembeni kidogo, manake kwenye maelezo yako kuna kitu kimoja ndo kimenishtua na wewe umekitaja mwisho kabisa: vidole vinatetemeka. Mjusi wa ndani asiyeona jua na asiye na taa ya UVB (ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho) akianza kutetemeka vidole, mara nyingi sana ujue kalsiamu kwenye damu imeshuka. Ngozi yake inahitaji UVB ili itengeneze vitamini D3, na bila D3 utumbo haunyonyi kalsiamu hata umpe kopo zima, kwa hiyo mwili unaanza kuichota kwenye mifupa yenyewe, taya linalainika, miguu inavimba, mgongo unapinda, na misuli nayo inashindwa kutulia, ndo hiyo mitetemo unayoiona. Kwa watoto wa binadamu ugonjwa wa namna hii tunaujua, ni matege. Na we mwenyewe ukienda kliniki huko kwenu msimu wa baridi usishangae daktari akikuandikia vitamini D, sababu ni ile ile, jua la Minnesota la Januari halina nguvu ya kutosha, na lile linaloingia kupitia dirishani halisaidii kabisa kwa sababu kioo kinazuia UVB.

Kwa hiyo la kwanza ni daktari, na iwe wiki hii hii. Sio kila daktari wa mbwa na paka anajua mijusi, wengine watakuambia hivyo wenyewe kwa uungwana, wengine watajaribu tu. Tafuta anayeshughulika na wanyama watambaao, kuna chama cha madaktari hao kinaitwa ARAV na tovuti yao ina sehemu ya kutafuta daktari aliye karibu nawe. Ukipiga simu taja “anatetemeka na hali chakula” mwanzoni kabisa ili wasikupangie mwezi ujao. Atapigwa eksrei waone mifupa, pengine damu, na choo chake kipimwe minyoo (beba choo kibichi kwenye kimfuko kama umekipata, kinasaidia sana), halafu watakupa kalsiamu ya maji ya kumdondoshea mdomoni kwa kipimo kulingana na uzito wake. Usinunue ya kwako mtandaoni ukaanza kumpa kwa kukadiria, na D3 ya binadamu ndo usiguse kabisa, ikizidi inamuua. Wakati wa kumpeleka washa gari lipate joto kwanza, mweke kwenye boksi dogo lenye taulo, chupa ya maji ya uvuguvugu uifunge na kitambaa uiweke pembeni yake. Hata zile hatua chache kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, baridi ya huko kwenu sio ya kuchezea.

Halafu mfundishe kijana asimbane wala asimrushe-rushe kipindi hiki, mifupa ikiwa laini mguu unavunjika kwa kitu kidogo tu.

Sasa kula. Mjusi hana joto lake mwenyewe, analichukua nje. Akiwa kwenye baridi tumbo halisagi, na tumbo lisiposaga hamu inakata, na hata ukimlazimisha chakula kinaozea ndani. Ndo maana nakwambia usimsukumie chakula mdomoni kabla hujarekebisha joto, watu wengi wanamuua mjusi kwa huruma hapo. Na rangi ya kahawia mara nyingi ni baridi au msongo, akipata joto na akitulia utaona kijani kinarudi, wakati mwingine ndani ya saa chache tu.

Vipimo nakupa kwa Fahrenheit maana ndo unazosoma huko. Tawi lake la kuotea joto liwe 88 hadi 95, sehemu nyingine za boksi 80 hadi 85 na awe na kona ya ubaridi kidogo ya kukimbilia, usiku isishuke chini ya 70. Usiamini kile kipimajoto cha duara cha kubandika kwenye kioo, vingi vinadanganya, nunua cha dijitali chenye waya ucheze nacho uweke pale pale anapolala, na kile cha kulenga kama bastola kwa ajili ya kupima tawi. Taa nyekundu itoe. Wanamuuzia kila mtu kwamba eti mjusi haoni wekundu, anauona vizuri sana, unamnyima usingizi. Mchana tumia balbu nyeupe ya kawaida ya kutoa joto, usiku kama chumba kinapoa weka ile hita ya seramiki isiyotoa mwanga, na zote zipite kwenye themostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha chenyewe joto lisipite kiasi. Ziwe juu nje ya wavu, asiweze kuzirukia, huyu anaruka dada, usimwone amezubaa hivyo. Na yale mawe ya umeme ya kupasha tumbo waachie dukani, yanaunguza.

Taa ya UVB ni kitu tofauti na balbu ya joto, hapa wengi wanachanganya, wanaona mwanga mkali wanadhani basi. Unayoitaka ni ile ndefu ya mrija, T5 HO, ya asilimia 5 au 6 (Zoo Med wanaiita 5.0, Arcadia 6%), ifike angalau nusu ya urefu wa boksi, na iwe upande ule ule wa balbu ya joto ili akiota joto aote na UVB kwa pamoja kama angefanya juani. Zile ndogo za kujikunja usipoteze hela, mwanga wake hauendi mbali. Umbali kutoka taa mpaka mgongoni mwake akiwa juu ya tawi uwe kama inchi 10 hadi 14, lakini fuata karatasi ya taa yenyewe, na ujue ule wavu wa juu unakula sehemu kubwa ya UVB, theluthi moja hivi au hata zaidi kutegemea wavu. Kioo au plastiki katikati isiwepo kabisa. Weka taima, iwake kwa muda wa saa 12 na izimike kwa muda wa saa 12. Baada ya miezi 6 mpaka 12 badilisha hata kama bado inawaka vizuri, macho yako yanaona mwanga tu, UVB yenyewe huwezi kujua imeisha. Andika tarehe kwa kalamu kwenye ncha ya mrija.

Kiangazi kikifika na joto likazidi 75 nje, mweke nje ndani ya kizimba cha wavu kwa muda wa saa moja moja, nusu jua nusu kivuli, maji yawepo. Usimtoe na tanki la kioo hata kwa dakika tano kwenye jua, ataiva mle ndani.

Pua nayo. Hawa kwao ni misitu ya kando ya vijito, kusini mwa China, Vietnam, Laos, Kambodia na Thailand, wanalala kwenye tawi lililoinamia maji na wakishtuka wanajiachia pwaa mtoni na kuogelea. Kwa hiyo mjusi wa namna hii akishtuka hatafuti shimo, anakimbia mbele kwa kasi yote. Na kioo hakielewi, anaona sebule yenu hapo mbele, anajipigiza, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka pua inafika kwenye mfupa na kuoza mdomo. Galoni 20 kwake ni kifungo. Dume akikomaa anafika futi 3, mkia ndo sehemu kubwa ya huo urefu, jike futi 2 hivi.

Cha leo, kabla hujalala: chukua karatasi yoyote isiyopitisha mwanga, funika pande tatu zote za kioo kwa nje na upande wa mbele funika inchi 6 za chini, utashangaa anavyotulia. Kidonda kisafishe na maji ya chumvi ya dukani yale ya kusafishia vidonda, dawa nyingine subiri daktari, hasa zile krimu za binadamu zenye ganzi usiweke. Cha baadaye: boksi la mtu mzima wa hawa lenye heshima ni futi 6 kwa 3 na kimo futi 5 au 6. Najua umeshtuka. Wengi wanajengewa nyumbani, mbao za plaiwudi zilizopakwa rangi isiyopitisha maji na mlango wa kioo mbele, au kabati kuukuu linageuzwa, jamaa yeyote mwenye msumeno anaweza na itakugharimu nusu ya bei ya dukani. Kwa huyu wako kama bado ni mdogo, futi 4 kwa 2 kwa 4 inamtosha kwa sasa, na matawi manene ya kulalia yaliyolala ulalo, mimea ya plastiki mingi ya kujifichia, chini weka udongo wa nazi uliochanganywa na udongo mtupu usio na mbolea. Kokoto hapana, anazimeza.

Maji: beseni kubwa ambalo anaweza kuingia mwili mzima na kutoka bila kuhangaika, weka jiwe la ngazi ndani. Yanabadilishwa kila siku, manake choo chake ni humo humo, wanapenda sana kujisaidia majini, na ni maji hayo hayo atakayokunywa. Maji ya bomba yenye klorini tia yale matone ya kuondoa klorini wanayotumia wafuga samaki. Unyevu wa hewa unatakiwa asilimia 60 hadi 80, na nyumba ya Minnesota yenye hita inayopuliza tangu Oktoba hewa yake ni kavu mno, kwa hiyo pulizia maji asubuhi na jioni, udongo wa chini uwe na unyevu kwa ndani bila kutota, funika sehemu ya wavu wa juu lakini acha hewa ipite, kwa sababu unyevu uliofungiwa bila hewa unaleta fangasi na vidonda vya ngozi. Akikosa unyevu utamwona ngozi inabanduka vipande vipande inabaki kwenye vidole na ncha ya mkia, inabana mpaka damu haipiti na kidole kinakatika.

Haya, sasa ndo tufike kwenye chakula chenyewe. Funza wa unga ana mafuta mengi na ganda gumu, kalsiamu kidogo sana, ni wa kumpa mara moja moja tu. Msingi uwe nyenje na wale mende wa kufugwa wanaoitwa dubia. Ukiweza kuwapata mpe na nyungunyungu, viwavi wa hariri na funza wa BSF (yule nzi anaitwa black soldier fly), wale ambao kwetu siku hizi watu wanafugia kuku na samaki. Hao BSF wana kalsiamu nyingi ya asili, wakati karibu wadudu wengine wote fosforasi imeizidi kalsiamu mbali, na fosforasi hiyo inaizuia kalsiamu isifyonzwe. Ndo maana wadudu lazima wapakwe unga wa kalsiamu kabla ya kupewa, tia wadudu kwenye mfuko na kijiko cha unga, tikisa, mwagia. Mdogo karibu kila mlo, mkubwa mlo mmoja ndiyo mmoja hapana, na vitamini za mchanganyiko mara moja kwa wiki au mbili. Siku moja kabla, wadudu nao walishwe vizuri, sukuma, karoti, majani ya boga, mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Ukubwa wa mdudu usizidi nafasi iliyopo kati ya macho ya mjusi. Mdogo anakula kila siku, mkubwa siku tatu nne kwa wiki zinamtosha. Majani na matunda unaweza kumwekea kidogo pembeni, wengine wanaonja wengine wanakuangalia tu.

Wadudu wa nje usimwokotee, hujui jirani kapulizia nini kwenye nyasi zake, na wakati wa kiangazi kimulimuli asiingie kabisa humo ndani. Vimulimuli vya Marekani vina sumu ya moyo, vimeshaua mijusi wa ukoo huu huu. Mwambie kijana mapema kabla ya Juni maana watoto wanapenda kukamata vimulimuli.

Kumrudishia hamu: akishapata joto siku mbili tatu na daktari amesema sawa, mpe kitu kinachotembea. Hawa wanawinda kwa macho. Nyungunyungu anayejinyonga-nyonga kwenye kisahani, au nyenje mmoja kwenye koleo mbele yake, halafu ondoka. Ukikaa unamkodolea hali. Nyenje waliobaki usiku watoe, wakikosa chakula wanamtafuna yeye.

Sasa bibi. Mwambie kwa heshima zote si kenge. Kenge ni ukoo mwingine, huyu ni ndugu wa wale mijusi wa kichwa chekundu wanaopiga pushapu juu ya mawe na kuta huko nyumbani, na huyu wako naye akikomaa atapiga hizo hizo pushapu na kupunga mkono. Hana sumu. Anaweza kung'ata na mkia wake unachapa kweli kweli, mkia wenyewe akishikwa vibaya unakatika ingawa unaota tena, sio mzuri kama wa kwanza. Ila bibi ana haki upande mmoja, huyu sio mnyama aliyezoeleka nyumbani kama paka. Wengi waliouzwa madukani miaka yote hiyo walikamatwa porini, hasa Vietnam, wanaletwa na minyoo na hofu yao, na kule wamepungua kwa kukamatwa na kuliwa mpaka wamewekwa kwenye orodha ya walio hatarini, na tangu 2023 biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo kijana akikuambia anataka wa pili wa kumpa huyu kampani, jibu ni hapana. Madume wawili watauana, na hata jike na dume, mmoja atakaa juu karibu na taa mwingine atakufa njaa chini.

Mtoto wa miaka 3 ndo jambo ambalo mimi ningelipa uzito kuliko hata kung'atwa. Mijusi wanabeba salmonela kwenye choo chao wakiwa wazima kabisa, na watoto chini ya miaka 5 ndo wanaougua vibaya, hata wizara za afya zinashauri wasiguse kabisa wanyama hawa. Haimaanishi umtupe mjusi. Boksi likae chumba cha kaka sio sebuleni, asitembezwe kwenye zulia anakochezea mdogo, beseni lake lisioshewe kwenye sinki la jikoni hata siku moja, mwagia chooni, osha kwa ndoo yake na brashi yake. Kila aliyemgusa yeye au maji yake ananawa kwa sabuni papo hapo. Na hizo busu za kupiga naye selfi, uzimalize leo. Kama kuna mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu nyumbani, naye akae mbali na usafi wake.

Hela tuongee ukweli. Mnyama alikuja bure, lakini taa, themostati, boksi na daktari vitapita mia kadhaa za dola ndani ya miezi michache, na ataishi miaka 10 hadi 15, kijana atakuwa ameshaenda chuo na mjusi bado yupo kwako. Ukiona hamtaweza sio aibu, sema mapema akiwa bado ana nguvu. Hapo kwenu kuna Minnesota Herpetological Society, waulize kuhusu kumtafutia mtu wa kumchukua. Kumwachia nje hata usifikirie, usiku mmoja tu wa vuli unammaliza.

Mwisho hili hukuliuliza lakini nalisema kwa sababu ya hiyo kalsiamu. Muulize daktari kama ni jike. Dume akikua kichwa kinakuwa kipana, mashavu yanajaa na upanga wa mgongoni unasimama, lakini wakiwa wadogo kukisia ni kazi bure. Jike anataga hata bila kuona dume maisha yake yote, na bustani ya wanyama ya Smithsonian kule Washington ilishatangaza mwaka 2019 kwamba yai la namna hiyo, lisilo na baba, liliangua mtoto mzima mwaka 2016. Mayai mengi huwa matupu lakini yanamchota mama kalsiamu yote, na jike mwenye mifupa laini anakosa nguvu ya kuyasukuma. Kwa hiyo akiwa jike, kuanzia anapokaribia miaka 2 awe na boksi la udongo wenye unyevu wa kuchimbika, kina cha futi moja hivi, la kutagia. Ukimwona tumbo limejaa vibonge, anachimba chimba kila kona, hali chakula, na siku zinapita hatagi huku analegea na macho anafumba mchana, huyo ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo, hata ikiwa Jumapili tafuta hospitali ya dharura.